Unauza gari la kale la mbio? Kadi na gari viseme jambo moja

Tangu kazi ya kubadilisha namba za zamani za magari kuwa za kidijitali ianze nchini Uganda, wananchi wengi wamegundua kwamba gari wanaloliendesha bado limesajiliwa kwa jina la mtu waliyemlipa miaka mingi iliyopita. Kwa Corolla ya kawaida, jambo hilo huisha mtu huyo akipatikana. Kwa Mustang, Camaro au Charger ya miaka ya 1960 iliyotengenezwa upya kwa mbio za dragi, zile za mita 402 kwa mstari mnyoofu, kazi ni kubwa zaidi. Injini si ile iliyosajiliwa, rangi imebadilika, na viti vya nyuma vilishang'olewa. Kadi ya usajili inaeleza gari ambalo halipo tena.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo imetuchosha, kwamba gari la kale haliruhusiwi kuuzwa. Marufuku ya 2018 kuhusu magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi inahusu kuyaingiza nchini. Haikuzuii kuuza gari ambalo tayari limesajiliwa Uganda. Wapo madalali wanaotumia sheria hiyo kumtisha mwenye gari ili auze kwa bei ya chuma chakavu. Usiwasikilize.

Namba ya chasisi nayo huleta mabishano. Mfumo wa tarakimu na herufi 17 ulianza na magari ya modeli ya 1981. Ford ya mwaka 1969 ina 11, Chevrolet ya mwaka huo ina 13. Kwa hiyo namba fupi si ushahidi wa wizi, na mnunuzi asiikimbie kwa sababu hiyo tu. La hatari ni kujaza herufi za kubuni ili zifike 17, au kukata kibati chenye namba ya chasisi cha gari moja na kukichomelea kwenye jingine. Kughushi hati ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 3, na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni hadi miaka 5. Anayeshtakiwa kwa makosa yote mawili hujibu kila moja peke yake.

Kama ulibadilisha injini, taarifa hiyo iingizwe kwenye usajili kabla ya kuanza kuhamisha umiliki, si baada ya hapo. Utahitaji kuonyesha injini mpya ilitoka wapi. Ukinunua injini kwenye masoko ya vipuri ya Kampala kama Kisekka au Ndeeba, dai risiti yenye namba ya injini yenyewe. Risiti iliyoandikwa "V8 moja" haisaidii mtu yeyote.

Umiliki unahamishwa kwa maombi ya mtandaoni. Muuzaji na mnunuzi wote wawe na namba ya mlipakodi, malipo yafanyike, na jina libadilike. Makubaliano yaliyogongwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hayabadilishi jina kwenye usajili, hata yakiwa na mashahidi kumi. Hata hivyo maandishi ni lazima: Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu uandikwe. Pointi moja, kipimo cha fedha kinachotumika katika sheria, ni shilingi 20,000, hivyo kiwango ni shilingi 500,000. Sidhani kama kuna Camaro inayouzwa chini ya hapo.

Ndani ya maandishi hayo, eleza gari lilivyo leo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inadai bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukisema injini ni ya asili ilhali si ya asili, mnunuzi ana madai dhidi yako. Taja kizimba cha mabomba ya chuma kinachomlinda dereva, mtungi wa naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu ya injini), difu iliyofungwa (inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi moja), matairi laini yasiyo na meno, na breki ya mkono kama imeondolewa. Hapa nasema kwa uzito, kwa sababu ni uhai wa watu: difu iliyofungwa na matairi laini kwenye lami yenye mvua ya Kampala humtoa barabarani hata dereva mzoefu. Kama gari halifai tena barabarani, andika hivyo, na liondoke juu ya lori. Lisijaribiwe kwenye barabara ya Entebbe Expressway usiku.

Mnunuzi naye atafute kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyo chini ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili, aone kama gari limewekwa rehani. Kukopa kwa kuweka kadi ya gari rehani ni jambo la kawaida siku hizi, na nakala ya kadi pekee haitoshi kukuonyesha deni.

Kamera za barabarani husoma namba ya gari, na anayetafutwa kwanza ni aliyesajiliwa. Kwa hiyo siku ya makabidhiano andikeni tarehe na saa, mtie saini wote wawili, na kila mmoja abaki na nakala yake.