Ridhaa huombwa kwa kila picha: upigaji picha shirikishi na watu wenye ugonjwa wa akili

Katika upigaji picha shirikishi, kamera hushikwa na mtu ambaye kwa kawaida wengine ndio humpiga picha na kumsemea. Caroline Wang na Mary Ann Burris waliijenga mbinu hii katika miaka ya 1990 walipokuwa wakifanya kazi na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China. Watafiti huiita fotovoisi. Inamfaa sana mtu anayeishi na skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya asikie sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), sonona (huzuni nzito isiyoisha) au baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), kwa sababu mengi anayoyapitia ni magumu kuyaeleza akiulizwa ana kwa ana kliniki. Picha humpa pa kuanzia: anaizungumzia picha kwanza, kisha taratibu anajizungumzia mwenyewe.

Kundi la watu 6 hadi 8 linatosha. Likizidi hapo, wanyamavu hawapati nafasi. Wawezeshaji wawe wawili, na mmoja awe muuguzi wa afya ya akili au mtu mwingine anayejua ampeleke wapi mshiriki akizidiwa. Kutaneni mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 8 hivi. Msianze asubuhi mno, kwani dawa nyingi za akili huacha usingizi. Saa nne ni afadhali kuliko saa mbili. Nauli na chai viingie kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo wiki ya tatu mtabaki nusu.

Simu ya kawaida inatosha. Fundisheni mambo machache tu: kufuta lenzi kwa kitambaa safi, kusimama mwanga ukiwa mgongoni mwa mpigaji, kusogea karibu badala ya kuvuta kwa vidole, na kuzima huduma ya mahali (location) ya simu ili picha isibebe alama ya nyumba ya mtu. Wanaotumia dawa za akili kama haloperidol au chlorpromazine, wengine hutetemeka mikono, na picha hutoka na ukungu. Mshiriki aegemeze viwiko mezani au ukutani, atumie kitufe cha sauti badala ya kugusa kioo, na apige tatu nne za kitu kilekile. Mtetemo ukiwa mkubwa, hilo ni suala la daktari. Huenda dozi inahitaji kuangaliwa upya. Asiache dawa kwa ajili ya picha.

Swali la wiki ndilo huamua mtapata nini. Ukimwambia mtu “piga picha ya ugonjwa wako”, ataleta kitanda cha wodi au hataleta chochote. Mwulize kinachomwamsha asubuhi, mahali anapojisikia salama, au mlango anaouogopa kuugonga. Kila mmoja achague picha 2 tu za kujadiliwa. Kuna maswali matano yanayotumika sana katika mbinu hii: tunaona nini hapa? Ni nini hasa kinachotokea? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini? Hapo kwenye “kwa nini” ndipo muda mwingi utumike, maana ndipo watu huacha kujilaumu na kuanza kuzungumzia dawa kuisha zahanati, umbali wa kliniki, na ndugu wanaowaficha ndani. Maelezo ya picha yaandikwe kwa maneno ya mpigaji mwenyewe. Mwezeshaji anayeyanyoosha yawe “Kiswahili kizuri” amemnyang'anya mtu sauti ambayo kundi liliundwa ili aipate.

Sasa ridhaa, ambayo miradi mingi huikosea. Fomu moja siku ya kwanza haitoshi, kwa kuwa siku hiyo hakuna picha hata moja iliyokwisha kupigwa. Mtu anakubali asichokiona. Anayepigwa picha aombwe kabla ya kupigwa. Kisha, mwishoni, kila picha iulizwe peke yake: ibaki ndani ya kundi, iende kliniki, itundikwe kwenye maonyesho, au iingie mtandaoni? Ngazi hizo nne ni tofauti kabisa, na ya mwisho haina kurudi, kwani picha iliyokwisha kusambaa WhatsApp haiitiki ukiiita. Mshiriki mwenye baipola aliye katika kipindi cha kupanda, yaani amechangamka kupita kiasi, anaweza kupiga picha mia kwa siku na kuruhusu zote zitolewe. Zihifadhi, ungoja atulie, umuulize tena. Anayeshuku kwamba anafuatiliwa asilazimishwe kushika kamera. Mpe magazeti akate picha, au achore, na ashiriki mazungumzo kama wengine.

Kuficha uso peke yake hakumfichi mtu. Sare ya shule ya mtoto, kanga inayojulikana mtaa mzima, namba ya mlango, au pakiti ya dawa yenye jina humtambulisha haraka. Piga vivuli, mikono, viatu, chombo cha kazi. Na ikija picha ya kamba au dawa ya wadudu, usiipeleke kwenye mjadala wa kundi. Mwite mwenyewe faraghani, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, msimwache peke yake, na mwende kwa mhudumu siku hiyohiyo.

Maonyesho yana hatari yake. Ukuta wa picha za mateso matupu huwaongezea watazamaji hofu na huruma ya mbali. Katika wilaya ya Chitwan, Nepal, mradi wa RESHAPE uliwaandaa watu waliopata nafuu wasimulie safari yao kwa picha mbele ya wahudumu wa afya ya msingi waliokuwa wakifundishwa mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia magonjwa ya akili. Mhudumu alikutana na mtu aliyewahi kuugua na sasa anaendelea na maisha yake. Nasi tufanye hivyo: picha za kuugua, za matibabu na za maisha ya sasa zikae pamoja, mpigaji awepo akipenda, na walioalikwa wawe wenye uwezo wa kubadili jambo, kama mganga mfawidhi, mtendaji wa kata na viongozi wa dini.

Safisha nakala mbili za kila picha iliyoruhusiwa, moja iwe ya mpigaji. Anayebadili nia hata asubuhi ya maonyesho, picha yake ishushwe bila kuulizwa sababu, na faili lake lifutwe kwenye simu na kompyuta ya mradi yeye akiwa anaangalia.