Ile alama ya ± si kubahatisha

Hapa Goma, mtu akisoma kwamba jivu la volkano lina miaka 500,000 ± 50,000, husema: "Hawa wanabahatisha." Hapana. Kioo cha jivu kina urani kidogo. Atomu za urani hiyo zikipasuka huacha mikwaruzo ndani ya kioo, ambayo asidi huipanua hadi ionekane kwa hadubini. Mtu hukaa akiihesabu, mmoja mmoja, kwa sababu kioo kikikaa miaka mingi zaidi, mikwaruzo huongezeka. Akipata 100, shaka ya hesabu, ile inayoandikwa baada ya ±, ni kipeuo chake cha pili, 10, yaani asilimia 10. Akipata 400, ni 20: asilimia 5 tu.

Mimi naogopa zaidi joto. Hufuta mikwaruzo, kioo kikaonekana kichanga kuliko kilivyo, na kosa hilo halimo ndani ya ±. Lava ya Nyiragongo ya 2002 tunayoikanyaga bado ni changa mno kwa njia hii.