Je, wajua kwa nini mhojaji haruhusiwi kuhamia mlango wa jirani?

Saa nne asubuhi, Mtopanga, upande wa Kisauni, Mombasa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati. Mlango wenye namba 47 juu ya fremu umefungwa kwa kufuli. Wa 48 uko wazi, na mama wa humo ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Huyo hurudi usiku, mwanangu," akaniambia. "Njoo uniulize mimi. Mimi ndiye nishindaye hapa."

Ulikuwa utafiti wa usalama na hali ya maisha mitaani, nami nilikuwa mgeni katika kazi hiyo. Nilimshukuru mama, nikamuuliza maswali yote, nikajaza majibu yake mahali pa 47. Jioni msimamizi aliisoma fomu ile, akaifuta yote na kuniagiza nirudi kwenye kufuli. Niliona nimeonewa. Watu hawa wawili wametenganishwa na ukuta mmoja, wanapita kichochoro kimoja, wanamulikwa na taa moja ndefu ya mtaa, mulika mwizi. Jibu la huyu litakosaje kuwa jibu la yule?

Wengi huamini nilivyoamini, na si kwa ujinga. Tumezoea kwamba ukitaka habari za mtaa, unamuuliza anayeujua mtaa: mzee wa mtaa, mwenye duka, mama anayeshinda kibarazani. Kwa jambo kama bei ya mtungi wa maji, mmoja wao akikujibu inatosha. Lakini utafiti wa nyumba kwa nyumba hautafuti mjuzi wa mtaa. Unataka kujua watu wangapi kati ya wote wamefikwa na jambo fulani, na hesabu ya namna hiyo huharibika mara tu mhojaji anapoanza kujichagulia wa kumhoji.

Kwanza, milango hupatikanaje? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Huwezi kuwahoji wote, kwa hiyo mji hugawanywa katika vipande vidogo, na baadhi ya vipande huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ndani ya kila kipande milango yote huorodheshwa na kupewa namba. Tuseme kipande kina milango 100 na zinatakiwa 25. Mia ukigawa kwa 25 unapata nne, basi hupigwa kura ya namba kati ya 1 na 4. Ikitoka 3, huchukuliwa 3, 7, 11, 15, na kuendelea hivyo. Ndivyo 47 ilivyoingia. 48 haikuingia, na wema wa mama wa 48 hauwezi kuiingiza.

Ishirini na tano si namba ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulichagua vipande 1,692 nchi nzima, na katika kila kimoja ulipangia kaya 25, jumla 42,300. Kubadilisha kaya iliyochaguliwa kwa nyingine hakukuruhusiwa.

Sasa turudi saa nne asubuhi, kwa sababu siri yote iko kwenye saa. Nani yuko nyumbani wakati huo? Wazee, akina mama wenye watoto wachanga, wagonjwa, wasio na kazi, mlinzi wa usiku aliyelala. Nani hayupo? Kuli wa bandarini, msichana wa kiwanda cha EPZ, dereva wa tuktuk, mama anayewahi bei ya jumla Kongowea kabla jua halijachomoza. Hao ndio wapitao vichochoroni gizani. Katika utafiti wa usalama, kufuli mlangoni ni dalili kwamba mwenye chumba huenda ameishi tofauti kabisa na anayeshinda nyumbani, hasa kwa lile unalouliza.

Chukua mfano wa kubuni tuone tarakimu zinavyokwenda. Katika kaya 25, kumi na tano zina mtu mchana, na mbili kati ya hizo zimeibiwa mwaka huu. Kumi nyingine hufungwa alfajiri mpaka usiku, na nne kati yake zimeibiwa. Ukweli ni 6 kati ya 25, asilimia 24. Ukiziacha zile kumi na kujaza nafasi zao kwa majirani wanaofanana na wale wa mchana, utapata kama 3 kati ya 25, asilimia 12 au 13. Nusu ya wizi imetoweka bila mtu yeyote kusema uongo.

Hapo mtu husema: basi hojini wengi zaidi. Hojini kaya 250 saa nne asubuhi, jibu litabaki asilimia 13, sasa likiwa limevaa joho la namba kubwa. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Mpishi analijua hili vizuri. Mchuzi wa nazi ukiachwa utulie, tui zito hukaa juu. Ukichota upawa wa juu hujaonja mchuzi, umeonja tui. Ukichota mara kumi palepale juu, umeonja tui mara kumi. Ukikoroga mpaka chini, kijiko kimoja kinatosha, na kinatosha kwa sufuria ya watu wanne sawa na kwa sufuria ya harusi. Bahati nasibu ndiyo mwiko wa kukorogea. Na mvuvi anajua kwamba akitega dema mwambani akapata tafi watupu, hajathibitisha kwamba bahari haina nguru. Nguru hawapiti alipotega.

Kwa hiyo unarudi. Desturi ni mara tatu, siku na saa tofauti: jioni, Jumapili, baada ya isha. Ukishindwa kabisa unaandika "hakupatikana", na pengo linabaki pengo. Pengo lililoandikwa linaweza kukadiriwa na kusahihishwa kwa mizani ya hesabu. Lililozibwa na jirani halionekani tena. Dawa hii ina mipaka yake. Wapo wasiopatikana hata mara ya tano, na kwenye mageti ya Nyali askari anaweza kukurudisha kila siku. Orodha ya milango nayo huchakaa haraka mahali ambapo wenye nyumba huongeza vyumba vya mabati uani kila mwaka.

Hata neno "kaya" lina mtego. Kwetu Pwani hulisikia neno hilo na kufikiria kwanza misitu mitakatifu ya Mijikenda, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwa watu wa takwimu, kaya ni wale wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa kaya sita. Ndugu wawili wenye vyumba viwili lakini sufuria moja ni kaya moja. Mhojaji mzuri huanza kwa kuuliza nani anapika na nani anakula.

Na ndani ya kaya pia hatujichagulii. Mwaka 1949 mtaalamu wa takwimu Leslie Kish alichapisha jedwali linalomwelekeza mhojaji, kwa idadi ya watu wazima waliomo, amhoji yupi, kwa sababu anayefungua mlango mara nyingi ni mtu wa aina ileile. Kwa maswali ya ukatili wa nyumbani, utafiti wa aina ile ya 2022 huchagua mwanamke mmoja tu katika kaya, na maswali hayaulizwi mpaka awe peke yake, asije akadhurika kwa alichosema.

Faragha hiyo ni ngumu katika nyumba zetu. Mara nyingi kuta za vyumba hazifiki paani. Chumba cha kwanza kikikohoa, cha sita husikia. Niliporudi 47 mara ya tatu, saa tatu usiku, kufuli lilikuwa limeondolewa. Kijana wa humo alinisikiliza, akatazama juu ukuta unapoishia, akaniambia, "Tutoke nje, kaka." Tukasimama chini ya mwembe. Hutoka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi kazi Shimanzi. Mwaka ule alikuwa ameporwa simu mara mbili kwa panga kabla ya kufika steji, na mara zote mbili hakwenda polisi, kwa hiyo hakuna kitabu chochote kituoni kilichokuwa na habari zake. Nyumbani pia hakumwambia mtu.

Mama wa 48, aliyelala ukuta mmoja naye mwaka mzima, alikuwa amenijibu asubuhi ile kwamba nyumba hii, alhamdulillahi, haijapata kuibiwa mtu.