Klachi ya pikipiki haifi kwa mwendo wa kinyonga

Kaa kijiwe chochote cha bodaboda Dar, kuanzia Mbezi Mwisho mpaka Mbagala Rangi Tatu, utasikia wosia uleule: "Dogo, usichezee nusu klachi, utaunguza pleti." Yaani usiendeshe huku mkono wa klachi umebanwa nusu, pleti zinashikana huku zinateleza. Anayeusema huwa kashazeeka kwenye usukani na anakutakia mema. Shida ni kwamba wosia huo umetoka kwenye gari ukahamia kwenye pikipiki bila kukaguliwa njiani.

Klachi ya gari la kawaida la gia za mkono ina pleti moja, na inafanya kazi ikiwa kavu. Ukiichezea foleni ya Ubungo nusu saa, joto halina pa kwenda, na harufu utaisikia mpaka kiti cha nyuma. Boxer, TVS na ndugu zao wengi wa mtaani wana pleti kadhaa zilizopangwa kwa zamu, moja ya msuguano, moja ya chuma, na zote zinaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili inabeba joto na kulitoa kwenye pleti. Bajaji za magurudumu matatu nazo ziko hivyohivyo.

"Nusu klachi inaua pleti"

Sugua viganja polepole bila kukandamiza: utahisi uvuguvugu tu. Sasa kandamiza kwa nguvu na usugue mbio, usiache. Klachi nayo ni hivyo. Joto linapanda kutokana na mzigo unaopita, tofauti ya mwendo kati ya upande wa injini na upande wa gurudumu, na muda ambao pleti zinateleza. Pikipiki ikiwa gia ya kwanza, injini inazunguka karibu na sailensi (mwendo wake bila kuvutwa mafuta), tuseme mizunguko 1,500 kwa dakika, na wewe unajongea, tofauti ni ndogo. Ukivuta mafuta mpaka injini inalia huku gurudumu linatambaa, hapo ndipo unapoziunguza.

Tazama watu wanavyoingia kivukoni Magogoni. Pikipiki mia, kila mmoja anasogea hatua mbili anasimama. Mzoefu humwoni akitembeza miguu chini kama bata. Ameshika gia moja, mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi inaachiwa na kubanwa kwa upana wa ukucha, na mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma. Mwingine atamcheka: "Unavuta mafuta huku unafunga breki, utaua vyote viwili!" Havifi. Breki inayoguswa kidogo inaikaza cheni na kutuliza mitikisiko, kwa hiyo mwendo unaupanga kwa mguu badala ya kuhangaika na mafuta. Askari wa pikipiki Marekani hufundishwa hivyohivyo wanapozunguka koni kwa mwendo wa kutembea. Breki ya mbele iache, hasa usukani ukiwa umekunjwa, maana hiyo ndiyo inayowalaza watu chini mbele ya abiria wote.

"Bora ubane klachi yote uteleze tu"

Huyu anadhani anatunza. Akibana klachi yote, pikipiki inabaki kama baiskeli isiyopigwa pedali: hakuna nguvu ya kuinyoosha ikianza kuinama, hakuna injini ya kusaidia breki. Katikati ya mikokoteni ya Kariakoo utaishia kuweka mguu chini, na mguu chini na mzigo nyuma ni safari ya kwenda kuanguka.

Kubana klachi ukiwa umesimama kabisa ni jambo lingine. Pleti zimeachana, haziliki sana. Trafiki akiwazuia kwa muda mrefu, weka frii, upumzishe mkono na kebo. Ila taa ikikaribia kuruhusu, au ukiona daladala linakuja nyuma kwa fujo, bora uwe umeshaingiza gia.

Basi nini kinaiua?

Mlima, mchanga na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Mtu yuko kwenye mwinuko wa Makongo, foleni imesimama, na anaizuia pikipiki isirudi nyuma kwa kuning'inia kwenye klachi na mafuta. Kazi hiyo ni ya breki. Mwingine amepakia abiria wawili na anaondoka na gia ya pili, eti anapunguza ulaji wa mafuta. Gia ya pili inalazimisha klachi iteleze muda mrefu zaidi kabla gurudumu halijaufikia mwendo wa injini, na uzito wote huo uko juu yake. Halafu kuna mchanga wa Kigamboni: gurudumu limezama, dereva anavuta mafuta, klachi nusu, kelele, moshi. Mshushe abiria, sukuma. Aibu ya dakika moja ni nafuu, hasa ukiwa kwenye mkataba na matengenezo ni yako.

"Oili ni oili"

Hapana, lakini na hili linatiwa chumvi. Si kila oili ya gari itaifanya klachi iteleze. Zinazoogopesha zaidi ni zile nyepesi zilizotengenezwa kupunguza ulaji wa mafuta, kwa sababu nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano, na pleti zako zinaishi kwa msuguano. Kwenye kopo tafuta JASO MA au MA2, kipimo cha Wajapani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya oili za pikipiki. Na kwa kuwa unga wa pleti unaingia kwenye oili ya injini, anayeshinda foleni asisubiri oili iwe lami.

"Inateleza? Nunua pleti"

Hili liliniuma mimi mwenyewe. Pikipiki yangu ilianza kulia bila kukimbia: gia ya nne, navuta mafuta, sauti inapanda, mwendo uko palepale. Hicho ndicho kipimo cha klachi inayoteleza. Fundi mmoja, simtaji, akanibadilishia pleti. Wiki tatu baadaye, ugonjwa uleule. Akataka kuweka nyingine.

Mzee mmoja wa kijiweni akaushika mkono wa klachi kwa vidole viwili, akautikisa. Haukuwa na uchezaji hata kidogo. Kebo ilikuwa imekazwa mno, kwa hiyo klachi ilikuwa imebanwa nusu muda wote, mchana na usiku. Kwenye pikipiki nyingi ndogo ncha ya mkono huo inatakiwa icheze kama milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta, na pleti zikiliwa uchezaji unazidi kupungua, ndiyo maana unaangaliwa mara kwa mara. Akalegeza nati kwa mkono, bila spana. Dakika mbili.

Pleti za kwanza zilizotolewa bado ninazo kwenye boksi. Nilizipima kwa venia: unene wake haukuwa umefika hata karibu na kikomo.