Mugariga una miiba, msunguti hauna

Ninapokutana na wanafunzi wa uuguzi huweka matawi mawili juu ya meza. Yote mawili yana majani magumu ya kijani kilichokolea, yanayong'aa upande wa juu, yaliyopangika mawili mawili. Ukivunja kikonyo, hutoka utomvu mweupe. Miti yote miwili huchanua vijiua vyeupe vyenye wekundu kidogo kwa nje, vinavyonukia kama asumini, na matunda yake yakiiva huwa ya zambarau inayokaribia weusi. Nawauliza: tawi lipi mngelichemsha mkanywa? Wengi hunyoosha kidole bila kusita, na wengi hukosea.

Tawi la kwanza ni mugariga. Ndio mti ambao mizizi yake ilichemshwa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011, wakati maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walipopanga foleni ya kilomita nyingi kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Tawi la pili ni msunguti, ambao Wagiriama huuita mutsungu. Kwa mti huo wawindaji wa Kiwaata, Wakamba na Wagiriama walipika sumu ya mishale iliyomwangusha tembo. Tofauti iliyo rahisi kuiona kwa macho ni moja tu: mugariga una miiba, msunguti hauna.

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kuwashauri madaktari na wananchi kuhusu dawa na sumu. Sipingi tiba asili. Nchini Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2002, ina Baraza lake linalosajili waganga, na vidonge kadhaa tunavyotoa hospitalini vilianzia kwenye magome na majani. Ninachokiogopa ni jambo jingine. Zamani dawa ilikaa kwa mtu. Mzee aliijua kwa sababu alikwenda porini na babu yake, akaonyeshwa mti upi, sehemu ipi ya mti, msimu gani, kiasi gani, na nani asipewe kabisa. Leo dawa inakuja kwenye simu ikiwa na mistari mitatu: jina la mti, neno "chemsha", na "kunywa glasi moja asubuhi na jioni". Jina limesafiri kutoka Kigoma hadi Mombasa, lakini yule mzee amebaki kwao na ujuzi wake wote.

Tuanze na hilo neno "chemsha", kwa sababu watu wengi wanaamini moto unaua sumu. Wanaona unavyoua vijidudu kwenye maji ya kunywa, wanadhani na sumu ya mti itakufa vivyo hivyo. Sasa mwangalie mwindaji anavyotengeneza sumu ya mshale. Anakatakata vipande vya mti na mizizi ya msunguti, anavitia chunguni, anavichemsha kwa saa nyingi, anachuja, anarudisha motoni, mpaka kinabaki kitu cheusi kinachovutika kama lami. Anapika muda wote huo ili sumu iwe kali zaidi. Sumu yenyewe, ambayo wanasayansi wanaiita wabaini kutokana na neno la Kisomali la sumu hiyo hiyo ya mishale, huvuruga mapigo ya moyo hadi moyo unasimama. Anayechemsha mizizi hiyo jikoni kwake akitafuta "nguvu" anafanya kazi ile ile ya mwindaji, isipokuwa yeye anaimimina kwenye glasi.

Mwezi Machi 2019, katika eneo la Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa unga wa lishe wa msaada. Walichanganyikiwa, wakapiga kelele, wengine wakaanguka. Uchunguzi ulionyesha kuwa unga ulikuwa umechanganyika na sumu ya mmea tunaouita mnanaha, gugu ambalo huota shambani katikati ya mazao na mbegu zake huvunwa pamoja nayo. Uji ule ulikuwa umepikwa, na sumu ilibaki palepale.

Mnanaha unaufahamu hata kama hujui jina lake. Huota jalalani, kandokando ya mazizi na kwenye viwanja visivyojengwa. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lake ni la duara lenye miiba pande zote. Majani yake ukiyafikicha yanatoa harufu nzito isiyopendeza. Kwa miaka mingi watu wameyavuta moshi kutibu pumu, na hata Ulaya sigara za majani hayo ziliwahi kuuzwa madukani kwa wagonjwa wa pumu. Ni kweli kwamba yanalegeza njia za hewa. Tatizo ni kwamba kiasi cha sumu hubadilika kutoka mche hadi mche, kutoka jani hadi mbegu, kutoka mvua hadi kiangazi, wala hakuna kijiko kinachoweza kupima tofauti hiyo. Ndiyo maana wataalamu walitengeneza dawa ya kuvuta inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo, yenye kipimo kinachojulikana, na sigara zile zikaachwa.

Fundi cherehani mmoja aliletwa hospitali niliyokuwa nikifanya kazi akiwa na dalili za sumu hiyo. Ngozi ilikuwa nyekundu na ya moto, kavu, bila tone la jasho. Midomo imepasuka. Mboni za macho zimepanuka hadi rangi ya jicho karibu haionekani. Alikuwa amekaa kitandani, vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshika uzi usiokuwepo, akijaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano isiyokuwepo. Akiukosa anaulowesha kwa ulimi mkavu, anajaribu tena. Alifanya hivyo usiku mzima. Ndugu zake walisema malaria imempanda kichwani. Shemeji yake alisema ni majini, na alishatafutiwa mtu wa kumsomea. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Nitamrudia.

Jambo la pili ni majina. Kwenye ujumbe wa simu jina linaonekana kama kitu cha uhakika, kumbe kila pwani na kila bara lina yake. Mnanaha ni sumu, nanaa ni ile tunayotia kwenye chai, na kati ya maneno hayo mawili kuna herufi chache tu. Mbono ndio unaonisumbua zaidi. Kwa wengine mbono ni mbarika, mti wa nyonyo, ambao mafuta yake yaliyokamuliwa kwa njia sahihi hutumika hata leo kulainisha choo na kupaka nywele. Kwa wengine mbono ni mbono kaburi, ule wa uzio unaopandwa hata makaburini. Mbegu za miti yote miwili ni sumu. Punje za nyonyo zikitafunwa hutoa risini, ambayo huzuia chembe za mwili kutengeneza protini, na mtu hafi siku hiyo hiyo: hutapika, huharisha, huishiwa maji, kisha viungo vya ndani huanza kushindwa kazi siku zinazofuata. Mbegu za mbono kaburi zina ladha nzuri ya karanga, na ndiyo sababu watoto wa shule huzila kwa kundi na kuletwa hospitali kwa kundi, wote wakitapika. Sasa mtu anaandika "mafuta ya mbono kijiko kimoja kwa tumbo lililofunga". Mbono upi?

Mturituri nao unafundisha kwa nini sehemu ya mti ni muhimu kama mti wenyewe. Majani yake ni matamu kidogo na hutafunwa kwa ajili ya kikohozi. Mbegu zake, turituri, ni zile nyekundu zenye jicho jeusi ambazo hutungwa shanga. Ndani yake kuna sumu inayofanana na ile ya nyonyo, tena kali kuliko hiyo. Ganda lake ni gumu, na mbegu ikimezwa nzima mara nyingi hupita bila madhara. Ikitobolewa kwa shanga, ikitafunwa au ikisagwa, kinga hiyo imekwisha. Mtu anayesaga "mturituri" kuwa unga wa dawa anakuwa ameondoa lile ganda moja lililomkinga mgonjwa wake.

Mkalamu, mtambaazi wenye maua mekundu na njano yanayopinda juu kama ndimi za moto, una mzizi unaoweza kudhaniwa kiazi. Una kolkisini, ambayo hospitalini hutumika kwa viwango vidogo sana kutibu jongo. Udanganyifu wake ni wa saa. Mtu anakunywa asubuhi, anashinda vizuri, jioni anatapika na kuharisha, kesho yake anapata nafuu kidogo na kila mtu anashukuru. Kisha damu, figo na moyo vinaporomoka kwa pamoja. Aliyenusurika huweza kunyonyoka nywele baada ya wiki moja au mbili. Na kuhusu minyaa ya uzio nina neno moja tu: utomvu wake usiguse jicho, hata kama umeambiwa unaondoa chunjua na wewe unajitibu kidole.

Watoto wachanga nawatenga kwa sababu wao hawachagui. Mtoto akilia usiku wanasema ana mchango, na bibi anachemsha majani, mtoto ananyweshwa kwa kijiko. Fanya hesabu hii: mtoto ana kilo 3, mtu mzima ana kilo 60. Kijiko kimoja kwa mtoto huyo ni kama vijiko 20 kwako, na ini lake bado halijakomaa kuhimili hata kimoja. Malaysia, mapema katika miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama tiba ya nyumbani: ndani ya muda mfupi walitapika, wakalala usingizi usio wa kawaida, wakapumua haraka, wakapata degedege. Mwarobaini huu huu uliopo uani kwetu, unaosifiwa kutibu magonjwa arobaini. Mama mjamzito naye, akiletewa dawa ya kuongeza uchungu, ajue kwamba dawa inayobana mfuko wa uzazi bila kipimo inaweza kuupasua na kumnyima mtoto hewa. Wakunga wa hospitali wana dawa ya kuongeza uchungu, na wanapoitoa hukaa karibu na mama wakihesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Nyumbani nani anahesabu?

Nasikia mara nyingi: "Hii ni ya asili, haina kemikali." Wabaini, risini na kolkisini zote ni kemikali, na zimetengenezwa na mti wenyewe. Mti haukuzitengeneza kwa ajili yetu. Ulizitengeneza ili mbuzi, mdudu na nyani wauache uishi. Ndiyo sababu uchungu mkali mdomoni ni onyo, ingawa sisi tumezoeshwa kuamini kwamba dawa chungu ndiyo dawa. Na kama unatumia vidonge vya kisukari au sindano ya insulini, karela na mitishamba mingine inayoshusha sukari inaweza kuishusha zaidi ya kiasi, ukazimia ukiwa umelala. Mwambie daktari wako unachokunywa. Usiache dawa za presha, kisukari au virusi vya Ukimwi kwa sababu umepata kikombe.

Kama mtu amekunywa na hali inabadilika, usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Maziwa, mayai mabichi na mafuta ya kula havizimui sumu hizi, na mtu aliyelegea hupaliwa navyo vikaingia mapafuni. Kama hana fahamu mlaze ubavu, na mpeleke hospitali hapo hapo hata kama anaonekana kupata nafuu, kwa sababu ya ile hadaa ya mkalamu niliyoieleza. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda. Na uende na mmea: jani, mzizi, ua, tunda, kilichobaki kwenye sufuria, hata ule ujumbe wa simu. Picha ya mti mzima mahali ulipoota inatusaidia kuliko unga uliosagwa, ambao mara nyingi hatuwezi kuutambua bila maabara.

Mke wa yule fundi alikuwa na mfuko kwenye kanga yake tangu walipofika. Hakuusema kwa sababu aliogopa kugombezwa, na pengine kwa sababu siku hiyo alishagombezwa mapokezi. Ilikuwa alfajiri muuguzi mmoja wa makamo alipomvuta pembeni, akamshika mkono, akamwambia: "Mama, pole. Kabla ya kuja hapa mlimpa nini? Niambie tu, tumsaidie baba." Akaufungua mfuko. Majani yalikuwa bado mabichi, na katikati yake kulikuwa na tunda moja la kijani lenye miiba. Jirani alikuwa amemwambia achemshe nanaa kwa ajili ya kifua cha mumewe, naye akachuma alichoelekezwa nyuma ya nyumba. Kuanzia dakika hiyo tulijua tunatibu nini. Siku ya tatu fundi aliuliza ni nani aliyemleta hospitali, na kama nguo za harusi za wateja wake zimefungiwa vizuri.