Kocha wa biashara aanze na swali la nani anatoa amri

Wenye biashara ndogo wanazidi kutuletea malalamiko ya aina moja: wamelipa kocha, wamehudhuria vikao, wametoka na ari, na baada ya mwezi karakana iko vilevile. Hatuna shaka na nia ya makocha hao. Wanachokosa ni nadharia kongwe za uendeshaji, zile ambazo wengi huziona za kujibia mtihani wa chuo tu, na ndizo zinazompa kocha maswali ya kuuliza.

Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alikabidhiwa mwaka 1888 kampuni iliyokuwa ikielekea kufilisika, akainusuru. Mwaka 1916 akachapisha kanuni 14 za uongozi. Tunayoiona ikivunjwa zaidi ni umoja wa amri, yaani mfanyakazi apokee maagizo kutoka kwa mkuu mmoja. Chukua karakana ya kuchomelea yenye mafundi sita. Mwenye mali anataka geti la mteja wa jana liishe leo. Mdogo wake anayeshika fedha anapiga simu kwamba lianze la yule aliyelipa taslimu. La kwanza linaachwa nusu, linapata kutu, wateja wote wawili wanakuja juu, na anayekatwa posho ni fundi. Kocha wa karakana hiyo aache kwanza habari za ndoto za miaka mitano. Amwombe kila fundi, akiwa peke yake, aandike jina la anayempangia kazi. Majina yakitofautiana, ameshapata pa kuanzia.

Wapo wanaodhani kanuni hii inataka kila neno lipande hadi kwa bosi. Sivyo. Fayol aliruhusu daraja: wawili wa ngazi moja wazungumze moja kwa moja, mradi wakuu wao wameafiki na wanapewa taarifa.

Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, anasaidia kujua muda unakwenda wapi. Kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem alikuta mtu anafanya kazi vizuri zaidi beleshi likibeba takriban ratili 21, kama kilo 9.5, kwa hiyo madini mazito yakapewa beleshi dogo, makaa mepesi beleshi kubwa. Karakanani, igawe kazi ya dirisha: kupima, kukata, kuunga, kuchomelea, kusaga, kupaka rangi. Pima kwa saa ya simu madirisha matano, maana la kwanza fundi hulikimbiza kwa kuwa anatazamwa. Andika na muda wa kungoja, kwani mara nyingi siku hupotelea hapo: diski imeisha, stoo imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa bosi aliyekwenda Kariakoo. Fundi akikosa diski nene ya kusagia hutumia ile nyembamba ya kukatia, nayo ikilazwa ubavu hupasuka na kumrushia vipande usoni.

Makocha wengi huharibu hapa kwa kupima bila kueleza. Mafundi huhisi kasi mpya itakuwa sababu ya kupunguza malipo ya kila dirisha, basi wanapunguza mwendo. Taylor mwenyewe aliliona hilo. Baadaye uchunguzi wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, uliofanyika kati ya 1924 na 1932, ulikuta wanaume 14 wa chumba cha kuunga nyaya wamejiwekea kiwango chao cha siku, na aliyezidisha alikiona kwa wenzake. Kabla ya kupima, mwenye mali aandike na kusaini kwamba malipo ya kipande hayataguswa kwa miezi mitatu.

Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani, alisisitiza kutenganisha mali ya ofisi na mali ya mwenye ofisi, na kazi kwenda kwa maandishi. Ada ya mtoto isitoke kwenye droo ya mauzo. Mwenye biashara ajipangie mshahara, auchukue tarehe moja kila mwezi.

Kuhusu maandishi, tuseme wazi: "huyu ni ndugu yangu, tunaelewana" si mkataba, na tumechoka kulirudia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa, kisha ayatunze miaka mitano baada ya ajira kukoma. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na karatasi haipo, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia mwajiri. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kocha anayepanga zamu za saa 12 bila malipo hayo anaweza kumtia mteja wake hatiani.

Kocha si mdhamini wa mkopo. Anayemtafuta ili apate mtaji amebisha mlango usio wake. Kikao cha kwanza njoo na daftari la mauzo la miezi mitatu, orodha ya wafanyakazi na kazi zao, na mikataba iliyopo. Kama huna daftari, beba risiti zote kama zilivyo kwenye boksi, usizipange upya.