Deni la zaka

Baada ya darasa la Biblia, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote wakatoka. Akafungua mkoba, akatoa kidaftari chenye jalada lililochakaa. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula: mwezi, alichopata, zaka (yaani fungu la kumi la alichopata), na safu ya mwisho kwa wino mwekundu, "sijatoa". Ilikuwa imejaa miezi 11. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikikopa nikalipa yote kwa mkupuo, baraka zitarudi?"

Ninafundisha Agano la Kale, na zaka ninatoa. Lakini swali lile lilininyima usingizi, kwa sababu mama yule hakulitunga mwenyewe. Tumemfundisha sisi. Malaki 3, inayowaita wasiotoa zaka wezi na kuwaahidi baraka wanaoileta ghalani, ameisikia karibu kila ibada, kabla tu kikapu hakijapita: "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?" Kitu ambacho hajawahi kuelezwa ni zaka ile ilifanyiwa nini ilipofika ghalani.

Ililiwa. Zaka ya Torati ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo. Katika Hesabu 18 inapewa Walawi, kabila la wahudumu wa ibada, kwa kuwa wao hawakugawiwa ardhi, nao wakatoa sehemu ya kumi ya zaka hiyo kwa ajili ya makuhani. Kumbukumbu la Torati 14 inakwenda mbali zaidi, na ni sura ambayo sijaisikia ikihubiriwa hata mara moja. Humo mtoaji na nyumba yake wanakula zaka yao wenyewe mbele za Bwana. Safari ikiwa ndefu, waiuze, wafunge fedha mkononi, wakifika wanunue chochote roho inachotamani, ng'ombe, kondoo, hata divai, wale na kufurahi. Kisha kila mwaka wa tatu zaka inawekwa akiba ndani ya miji yao, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Wafasiri wanabishana kama hizi ni zaka tatu tofauti, kama walivyohesabu walimu wengi wa Kiyahudi, au ni sheria moja iliyopitia vipindi tofauti. Kwa mama mwenye kidaftari jibu ni lilelile: mjane yuko upande wa wanaopokea.

Na ghala? Lilikuwa chumba cha kuwekea chakula hekaluni. Nehemia 13 inasimulia jinsi chumba kikubwa cha zaka kilivyogeuzwa makao ya Tobia, mpinzani wa Nehemia, huku Walawi wasiopewa posho yao wakikimbilia mashambani kujitafutia. Nehemia akavitupa nje vyombo vya Tobia, akaweka watunza hazina walioonekana kuwa waaminifu wawagawie ndugu zao. Kitabu cha Malaki kinatoka katika enzi hiyohiyo ya utawala wa Uajemi, kwa hiyo "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu" ni chakula hasa. Tena kabla ya kufika kwenye wizi wa zaka, nabii ametumia sura mbili za mwanzo kukemea zaidi makuhani wanaotoa wanyama vipofu na wagonjwa, na katika 3:5 amewashtaki wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na wanaomwonea mjane. Ukianzia mstari wa 8 umeruka mashtaka ya viongozi na waajiri, ukabaki na ya muumini peke yake. Huko ni kumwonea msikilizaji.

Ndugu zangu wanaoshikilia kwamba zaka ni lazima hata leo wana hoja yenye uzito: Abramu alimpa Melkizedeki, mfalme na kuhani wa Salemu, fungu la kumi kabla ya Torati kuwapo. Ni kweli. Lakini ilikuwa mara moja, kutoka katika nyara za vita, na zile mali nyingine alikataa kujitwalia hata uzi wala gidamu ya kiatu. Waebrania 7 inalitumia tukio hilo kuonyesha ukuu wa Melkizedeki, na kwa njia hiyo ukuhani wa Kristo, bila kuliamuru kanisa litoe kiasi gani. Katika Mathayo 23:23 Yesu anawaambia Mafarisayo wasiache kulipa zaka za mnanaa, bizari na jira, ila anawalaumu kwa kuacha mambo makuu: adili, rehema na imani. Na Paulo, alipokuwa akichanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kutaja asilimia. Hakuitaja. Aliandika kwamba nia ikiwapo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Akatuma na ndugu wengine pamoja na Tito, asije mtu akawalaumu kuhusu fedha ile.

Kanisa la karne za kwanza liliendelea hivyo. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, anaeleza mfuko wa kila mwezi ambao kila mtu aliweka alichotaka na alichoweza, ukazika maskini na kulea yatima. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Mâcon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 585 ndio ulioamuru zaka kwa tishio la kutengwa na kanisa, na mwaka 779 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, akaipa nguvu ya sheria ya dola. Lazima hiyo ina historia yake, na waumini wanastahili kuijua.

Fungu la kumi ni kipimo kizuri kwa mwenye kipato, na wapo wenye nacho ambao kwao kumi ni kidogo mno. Ninachokataa ni kuliita deni, kwa sababu deni humfuata mtu hata asipokuwa na kitu.

Nilimwambia mama asikope. Nikamfungulia Kumbukumbu la Torati 14, akasoma mwenyewe polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka kwenye neno "mjane". Hapo kidole kikasimama. Mumewe amefariki, na ile safu nyekundu ilianza mwezi wa mazishi. Akauliza, "Huyu naye anakula?" Nikasema, "Anakula mpaka ashibe, mama."

Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja kwa mtunza hazina wa kanisa, nikaomba jina lake liandikwe kati ya wajane wanaosaidiwa kila mwezi.